Wameshua Chao: Roketi, Kioo cha Simu na Mazoea Yetu

(Mhadhara uliotolewa mjini Malindi mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi. Umechapwa hapa kama ulivyosemwa, isipokuwa sentensi chache zilizonyooshwa.)

  Mwenyekiti aliponipigia simu alinitaka nizungumzie jambo lolote la sayansi, mradi lisiwatie watu usingizi. Sikumwahidi. Nilichofanya ni kuchagua jambo ambalo mimi mwenyewe limeninyima usingizi kwa miaka kadhaa, na sisemi kwa mafumbo: kukaa sebuleni usiku wa manane, simu mkononi, nikingoja roketi irushwe upande wa pili wa dunia.

Niseme mapema ninachokusudia. Safari za angani, ambazo zamani zilisimamisha dunia, leo zimekuwa kama basi la Mombasa: likikupita hili, utapanda lijalo. Nataka kueleza zilifikaje hapo. Na nataka kudai kwamba kuzoea kuna sura mbili. Kuna mazoea ya fundi, anayerudia kazi hadi mkono unaijua. Na kuna mazoea ya mtazamaji, anayeacha kutazama kwa kuwa anadhani ameshaona. Yale ya fundi ndiyo yaliyotufikisha hapa. Haya ya mtazamaji yameua watu. Nina hoja nne, nazo hazilingani urefu. Msinipimie kwa rula.

Kabla ya hoja, kisa. Mimi ni mtoto wa Ngomeni. Utotoni mwetu, ukisimama ufukweni uliyaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, miguu majini kama korongo. Lile la San Marco lilikuwa la kurushia roketi, na la Santa Rita la kuongozea. Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio ndio waliolianzisha jambo hilo, na kati ya Aprili 1967 na Machi 1988 setilaiti 9 ziliondoka hapo kwenda kuizunguka dunia. Ile ya 9, ambayo ndiyo ya mwisho hadi leo, iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Nami mtoto wa Ngomeni nilikuwa wapi? Bwenini Mombasa, nikikariri jedwali la elementi.

Niliporudi likizo nilimkuta baba, mvuvi, amekaa barazani anatengeneza jarife lake. Nikamwuliza kwa pupa: "Baba, uliiona?" Hakuinua uso. "Wazungu wameshua chao," akasema, "kikaenda." Basi. Akaomba kisu.

Miaka ile nilimwona baba hana hamu ya kujua mambo. Siku hizi nalirudia neno lake mara kwa mara. Hakusema kurusha, alisema kushua. Mnaojua pwani mnajua chombo kinavyoshuliwa: magogo yamelazwa mchangani, watu wamejipanga pande mbili, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia, na jahazi lililokaa kitako miezi mingi linaanza kuteleza lenyewe. Ni kazi ya kila mwaka. Hakuna anayeishangaa, na wala hakuna anayeifanya huku akitazama kwingine, maana chombo kikiyumba kinavunja miguu ya watu. Nadhani baba alikuwa na jibu la mhadhara huu tangu 1988, ila mimi ndiye niliyechelewa kulisikia.

Hoja ya kwanza: tulishiriki kabla ya kutazama

Wengi hudhani anga ni habari ya Florida na Baikonur, nasi huku ni wageni wa mlangoni. Sivyo hata kidogo. Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kumpeleka mtu wao wa kwanza kuizunguka dunia, walikabiliwa na tatizo ambalo nahodha yeyote analijua: dunia ni mviringo, na ukishapita upeo wa macho hakuna anayekuona wala kukusikia. Ikabidi watawanye vituo vya redio njiani, chombo kikitoka kwenye masikio ya kimoja kiingie kwenye masikio ya kingine. Afrika kimoja kiliwekwa Kano, Nigeria, na kingine Tunguu, Unguja.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliondoka Florida. Nusu saa tu baadaye alikuwa juu yetu, jua la pwani likikaribia kuzama. Fikirieni watu wanaelekea kutawadha kwa sala ya magharibi, na juu ya vichwa vyao mtu anazungumza na Tunguu. Na walizungumza nini? Habari za afya. Daktari wa kituoni alitaka kujua mwili wake unaendeleaje, naye Glenn akavuta kamba ya mpira mara nyingi, kama anayefanya mazoezi ya viungo, kisha shinikizo lake la damu likapimwa. Mazungumzo ya mtu na daktari wake, basi, ila mgonjwa alikuwa anakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa.

Kituo kile hakikupendwa na kila mtu. Kuna walioandamana kukipinga kwa kuhofia kwamba kingeleta makombora visiwani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua, mzee wangu, mambo ya miaka ile Unguja hayasimuliwi kwa dakika mbili. Nitayapita kwa heshima.

Kisha zamu ikaja kwetu. Kwa nini Ngomeni? Wanafunzi, hili ni lenu, na huenda likaja kwenye mtihani. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mahali inapokwenda kasi zaidi ni kwenye ikweta, kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kutoka hapo ni kama jiwe linalotupwa mbele na mtu aliye juu ya lori linalokwenda: limeshapata mwendo kabla mkono haujafanya kazi. Sisi tuko digrii 3 tu kusini ya ikweta, na mashariki yetu hakuna mji, kuna bahari tupu. Kwa anayerusha roketi, mahali kama hapo ni mali.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka San Marco na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, akaipa jina la siku yenyewe: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, na bila kutoka nje ya hewa huwezi kuiona, hata uwe na darubini ya namna gani. Uhuru ilifanya kazi miaka miwili na kidogo, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Vipimo vyake vya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba yale mashimo meusi ya kwenye hesabu huenda yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002. Kila mara ninapofungua kitabu cha falaki cha Kizungu na kukuta neno Uhuru limechapwa katikati ya Kiingereza, bila italiki wala maelezo, huwa nafunga kitabu kidogo nipumue.

Lakini kutazama? Hatukutazama. Armstrong alipokanyaga mwezi ilikuwa saa 11:56 alfajiri kwetu, Jumatatu tarehe 21 Julai 1969. Inakadiriwa kwamba watu milioni 600 duniani waliona kwenye runinga. Sisi hatukuwamo. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilikuwa hakijafunguliwa, na kilifunguliwa mwaka uliofuata; Tanzania haikuwa na kituo cha runinga, si bara si visiwani. Pwani hii iliufuata mwezi kwa redio, na waliobaki walisimuliwa. Tulikuwa tumebeba masikio ya safari zile, tumeazima bahari yetu ziondokee, na macho yetu yakaja kufunguliwa nusu karne baadaye na simu ya mkononi.

Hoja ya pili: mazoea ya fundi

Tarehe 15 Aprili 2023 ilikuwa Jumamosi, tena Ramadhani. Sebule yangu ilijaa watoto wa jirani. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza ardhi, Taifa-1, ilikuwa juu ya roketi ya Falcon 9 huko Vandenberg, California. Safari ilikuwa imeshaahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa, na mke wangu alikuwa ameanza kuuliza kama hicho chuma kina nia ya kuondoka. Chombo chenyewe kilikuwa na upana wa sentimita 10 kwa 10 na urefu wa 30, kama boflo refu. Kilisafiri pamoja na vingine hamsini hivi vya watu mbalimbali, kama abiria wa matatu wasiojuana. Mtoto mmoja akauliza kwa nini roketi haikuandikwa Kenya. Nikamwambia hata sisi tukipanda basi hatulipaki rangi.

Saa 3:48 asubuhi ikaondoka. Niruhusuni niende polepole hapa, maana wengi wenu mmeona video ya sekunde kumi kwenye WhatsApp mkadhani mmeona.

Kwanza kabisa, roketi inatoka jasho. Ndani yake mna oksijeni iliyopoozwa hadi ikawa maji, na ubavu wake unaganda barafu na kutoa mvuke mweupe. Mafuta yake ni mafuta ya taa. Nasema kweli, ni yaliyosafishwa sana, lakini ni jamaa wa damu wa yale ya koroboi. Injini 9 zinawaka chini. Pembeni ya kioo kuna namba mbili, kasi na kimo, na mtazamaji mzoefu haukodolei moto, huzikodolea namba. Baada ya dakika moja na kidogo mtangazaji anasema wamepita pale hewa inapoikaba roketi zaidi kuliko popote; injini zilikuwa zimepunguzwa nguvu ili mwili usivunjike, kama dereva anayekanyaga breki kabla ya tuta. Dakika mbili na nusu, injini zinazimwa, kipande cha chini kinaachana na cha juu. Hapo kioo kinagawanyika mara mbili. Upande mmoja, mdomo wa injini ya juu unaiva mwekundu kama jembe kwenye kiwanda cha mhunzi. Upande mwingine, kipande cha chini kimegeuka na kinarudi nyumbani.

Kule kurudi ndiko kulikobadilisha biashara yote. Siku ile kilirudi nchi kavu, kikatua kwa miguu minne umbali mfupi tu kutoka kilipoondokea. Mara nyingi hutua juu ya jukwaa linaloelea baharini, na hapo kwa miaka mingi kulikuwa na jambo la kuudhi: roketi ikikaribia, mtikisiko uliyumbisha antena ya jukwaa na picha ikakatika. Unabaki na kioo kilichoganda. Unahesabu. Picha inarudi, moshi unatawanyika, na katikati ya duara lililochorwa sakafuni kimesimama chuma cha urefu wa jengo la ghorofa zaidi ya kumi, kimya, kama kilichowekwa pale na mkono.

Hayakuja kwa siku moja. Januari na Aprili 2015 kampuni yenye Falcon 9 ilijaribu kutuisha vipande juu ya jukwaa, vikaanguka na kulipuka. Walifanikiwa kwa mara ya kwanza Desemba 2015, nchi kavu, Florida. Machi 2017 wakakirusha tena kwa mara ya kwanza kipande kilichokwisha kutumika. Mwaka huohuo kampuni ikazikusanya ajali zake zote ikazifanya video ya kuchekesha. Nilipenda hilo. Fundi anayeonyesha alama za nyundo kwenye vidole vyake ni fundi wa kuaminika.

Tangu hapo ni kurudia. Kuna vipande vilivyosafiri zaidi ya mara 20 kila kimoja. Mwaka 2024 peke yake roketi za jamii ya Falcon ziliondoka mara 134, yaani moja kabla siku 3 hazijatimia. Linganisheni na vyombo vya Marekani vya shuttle. Vilipobuniwa, kulikuwa na waliokadiria safari 50 na zaidi kwa mwaka. Mwaka uliokuwa na safari nyingi kuliko yote, 1985, zilifika 9. Katika miaka 30 ya maisha yao, kuanzia 1981 hadi 2011, jumla ni 135. Siudharau mtambo ule, ulikuwa wa ajabu. Lakini ulitangazwa kuwa umeshazoeleka mwaka 1982, baada ya safari 4 tu. Nahodha gani wa pwani hii angelikiita chombo kizoefu baada ya safari 4, tena kabla ya kukiona kwenye kusi?

Na hapa kuna mzunguko unaonichekesha. Nyingi ya safari hizi za kila siku tatu zinabeba setilaiti za intaneti za Starlink, zilizoanza kuhudumu Kenya mwaka 2023. Duka lililo karibu na kwangu lina sahani yake juu ya paa la makuti. Bando langu likiisha katikati ya kuhesabu sekunde, huvuka barabara kwenda dukani. Basi roketi ya juzi ndiyo inayoniletea picha ya roketi ya leo.

Hoja ya tatu: mazoea ya mtazamaji

Sasa upande wa pili wa sarafu, na hapa naomba msikilizaji wa mbele aache simu kidogo, hata kama anatazama roketi.

Mwezi ulichosha watu upesi zaidi kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 13 Aprili 1970, miezi 9 tu baada ya Armstrong, wanaanga watatu wa Apollo 13 walikuwa njiani kwenda huko. Wakawasha kamera, wakatembeza watazamaji ndani ya chombo, wakataniana. Vituo vikubwa vya runinga vya Marekani havikuionyesha. Habari ya tatu ya namna moja, nani ana nafasi nayo? Dakika chache baada ya wao kuzima kamera, tangi la oksijeni likalipuka. Ndipo dunia ikarudi kwenye viti vyake mbio, ikakaa siku nne ikiomba. Wakarudi salama. Lakini jiulizeni kitu gani kiliwarudisha watazamaji. Hatukuwa tumeipenda safari, tuliipenda hatari.

Challenger ni kisa kizito zaidi. Tarehe 28 Januari 1986 ilikuwa safari ya 25 ya shuttle, na runinga nyingi zilikuwa zimeshaacha kuonyesha mubashara. CNN iliendelea. Pia mashuleni Marekani watoto walikuwa wamekusanywa mbele ya runinga, kwa kuwa miongoni mwa watu 7 waliokuwamo alikuwamo mwalimu, Christa McAuliffe. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo sehemu hii huwa sipendi kuieleza kwa urefu. Sekunde 73, na chombo kikasambaratika. Waliokuwa wakitazama kwa makini asubuhi ile walikuwa watoto.

Chanzo kilikuwa mpira wa kuzibia, ndugu wa ile sili ambayo fundi wa gari anakuambia imekufa. Baridi ya usiku ule iliukaza ukashindwa kuziba, moto ukapenya. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia. Lakini jambo linalonisumbua mimi ni la nyuma ya hapo. Mipira ile ilikuwa imeshaonekana imeliwa na moto katika safari zilizopita. Kila mara chombo kilirudi salama, na kila kilivyorudi salama, kasoro ile ilionekana ndogo zaidi. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliandika kitabu kizima, mwaka 1996, kuonyesha jinsi watu waangalifu, waliokaa vikao na kujaza fomu zote, walivyoizoea kasoro hatua kwa hatua mpaka ikageuka kuwa desturi ya nyumba. Miaka 7 baada ya kitabu hicho, tarehe 1 Februari 2003, shuttle nyingine, Columbia, ikapotea na watu 7 kwa kasoro nyingine iliyokwisha kuzoeleka: vipande vya sponji vilivyokuwa vikibanduka kwenye tangi safari baada ya safari.

Mtasema hayo ni makosa ya wahandisi, mtazamaji wa sebuleni ana hatia gani? Nitajibu kwa kujishtaki mwenyewe.

Ijumaa tarehe 12 Julai 2024, saa 11:35 alfajiri, nilikuwa nimetoka kuswali. Falcon 9 ikaondoka California na setilaiti 20 za Starlink. Safari ya kawaida kuliko zote. Nikaiweka simu juu ya kabati nikachemsha maji. Nilipotupia jicho, kipande cha juu kilikuwa kimefunikwa kitu cheupe, barafu, nyingi, ikijikusanya na kumeguka karibu na injini. Mke wangu, ambaye hudai hajui lolote, akauliza: "Leo mbona kina theluji?" Nikamjibu bila kugeuka: "Ni kawaida hiyo."

Haikuwa kawaida. Oksijeni ilikuwa inavuja kutokana na ufa katika mrija mwembamba wa kipimo cha mgandamizo, na injini ilipotakiwa kuwaka mara ya pili ilishindwa kufanya kazi yake. Setilaiti zote 20 zikapotea, na roketi ile, iliyokuwa na mfululizo wa mafanikio zaidi ya 300, ikazuiwa kuondoka kwa muda. Duniani kote watazamaji wa kawaida waliiona barafu ile na kuuliza papo hapo, kabla ya taarifa yoyote rasmi. Sebuleni kwangu pia aliyeiona aliuliza. Mtaalamu wa nyumba ndiye aliyekuwa anatafuta majani ya chai.

(Bwana Mwenyekiti, naona mama watoto amekaa safu ya tatu na anacheka peke yake. Nimeshalipa deni langu hadharani.)

Hoja ya nne, fupi: vitu hushuka

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya likaichukua na kueleza kwamba ni pete ya roketi, ya pale vipande vinapoachana. Kwa kawaida vitu kama hivyo huungua vikirudi kwenye hewa au huangukia baharini. Hiki hakikuungua, na kwa rehema za Mungu hakikumwangukia mtu.

Sisemi zaidi ya hili: safari zikiwa 5 kwa mwaka, mkulima wa Makueni hana haja ya kujua zinakwendaje. Mwaka 2024 dunia ilirusha zaidi ya 250. Mwenye shamba chini ya njia ana haki ya kutazama ratiba kama mwenye duka anavyotazama barabara.

Mbele yetu

Kenya na Italia zina makubaliano mapya kuhusu kituo cha Ngomeni, na antena zake hazijawahi kulala. Tarehe 25 Desemba 2021, darubini ya James Webb ilipoondoka Kourou na kuachana na roketi yake, antena za Malindi zilikuwa miongoni mwa zilizoipokea sauti yake. Ilikuwa alasiri ya Krismasi, wengi wenu mlikuwa ufukweni mkila pilau, na lile jambo lilikuwa linapita hapa hapa. Vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wameshapeleka chombo chao kidogo angani mwaka 2018, Rwanda ikafuata 2019, Uganda 2022. Huenda mmojawapo wa wanafunzi mlioketi sakafuni akaja kuhesabu sekunde kwa Kiswahili, kutoka kumi kurudi moja, jukwaa likiwa Ngomeni. Mimi nitakuwa mzee, lakini safari hii sitakuwa bwenini.

Kabla ya hapo, nina ombi la leo leo. Kesho kutwa, saa 8:20 usiku kwa saa zetu, kuna roketi nyingine imepangwa kuondoka Florida. Imebeba setilaiti za intaneti, hakuna mtu ndani, na hakuna gazeti litakaloiandika. Mwenye funguo za ukumbi huu amekubali kutuachia mlango wazi. Shuka jeupe nitalitundika mwenyewe ukutani pale. Watoto waje na wazazi wao, na kila mmoja achague kitu kimoja cha kukitazama tangu mwanzo hadi mwisho: namba za kasi, au rangi ya mdomo wa injini, au miguu inavyokunjuka. Nimemwomba mke wangu akae mbele na atazame barafu. Mwenyekiti ameahidi kahawa chungu na kashata. Na ikiahirishwa, maana huahirishwa, tutakunywa hiyo kahawa na kurudi usiku unaofuata.